Kabla ya Kununua Mashine: Mwongozo Kamili wa Kupanga Utafiti na Bidhaa Mpya Kiwandani

Kampuni nyingi za kati huku Tanga huingia kwenye bidhaa mpya kwa kuanzia na mashine. Mkurugenzi amekwenda Sabasaba, ameuona mtambo wa kujaza chupa ukifanya kazi, amelipa malipo ya awali, na mtambo ukishashushwa ndipo watu wanaanza kuulizana utajaza nini na atanunua nani. Utafiti unafanyika mwisho, na kazi yake inakuwa kuhalalisha kitu kilichokwisha kununuliwa.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kampuni yenye bidhaa moja au mbili zinazouzika, asiye na maabara yake wala idara ya utafiti, anayetaka kuongeza bidhaa bila kuiweka rehani ile inayomlisha. Mfano nitakaoutumia ni wa kufikirika: kampuni inayosindika machungwa Muheza na kuuza juisi Tanga mjini. Matatizo yake lakini ni ya kweli.

Hoja yangu kuu ni moja. Mpango mzuri wa bidhaa mpya ni ule unaosema mapema, kwa maandishi na kwa namba, ni jambo gani likitokea tutaacha. Mengine yote yanajengwa juu ya hapo.

Mkonge unatufundisha nini

Mkoa wetu una sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Vilivyofika vikiwa hai ni 62, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo, kufikia 1964 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka.

Utafiti ulikuwepo, tena wa daraja la juu. Kituo cha Mlingano, Muheza, kilishughulika na mbegu, udongo na upandaji, na chotara namba 11648 aliyezaliwa Afrika Mashariki ndiye anayetawala mashamba ya mkonge ya China. Lakini swali lililoongoza kazi ile lilikuwa namna ya kupata singa nyingi zaidi kwa hekta. Swali la nini kingine kinaweza kutoka kwenye jani hilo halikupewa uzito kama huo. Kamba na magunia ya polipropilini, aina ya plastiki, yalipoenea miaka ya 1960 na 1970, bei ya singa ikaanguka. Yalikuwepo na mambo mengine, utaifishaji wa 1967 ukiwamo. Hata hivyo singa ni asilimia 4 hivi ya uzito wa jani, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa inamwagwa nyuma ya korona, mashine ya kuchambulia mkonge. Mtambo wa Hale wa kuzalisha biogesi na umeme kutokana na mabaki hayo umekuja miaka ya 2000, zaidi ya karne moja baada ya Hindorf.

Kwa hiyo kuwa na utafiti peke yake hakutoshi. Lazima mtu mwenye mamlaka akae chini aamue utafiti huo ujibu swali gani.

Hatua ya 1: Ukurasa mmoja wa mwelekeo

Chukua karatasi moja. Igor Ansoff, mtaalamu wa mikakati ya biashara, aliandika mwaka 1957 kwamba kampuni ina njia nne za kukua, na mpaka leo sijaona njia rahisi zaidi ya kuanza: kuuza zaidi bidhaa ileile kwenye soko lilelile, kupeleka bidhaa ileile soko jipya, kupeleka bidhaa mpya kwenye soko unalolijua, au kupeleka bidhaa mpya kwenye soko jipya.

Hiyo ya nne ndiyo inayofilisi watu, kwa sababu unajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja na ukishindwa hujui ni lipi lililokuangusha. Kampuni yetu ya Muheza kupeleka juisi yake ileile Pemba ni njia ya pili. Kutengeneza jemu kwa maduka ambayo tayari inayauzia juisi ni ya tatu. Kutengeneza mafuta ya ganda la chungwa kwa watengeneza manukato wa nje ni ya nne, na hiyo haimaanishi isifanywe, ila iingiwe kwa fedha kidogo na kwa hatua fupi.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika mambo matatu: tutashughulika na njia zipi miaka mitatu ijayo, tutatenga fedha kiasi gani kwa mwaka, na vitu gani hatutavigusa hata kama vina faida. Hilo la tatu ndilo watu hulikwepa. Litaje kwa jina: hatutaingia kwenye maji ya chupa, hatutatengeneza pombe, hatutanunua malighafi kutoka nje ya mkoa. Wazo lolote litakalogongana na mstari huo halijadiliwi hata kama limeletwa na mwenye hisa.

Hatua ya 2: Tafuta mawazo mahali panapouma

Kikao cha kukaa hotelini Raskazone na kuandika mawazo ukutani hakina ubaya, lakini mawazo yenye thamani zaidi yako kwenye daftari la lawama na kwenye lundo la taka. Muulize dereva wa usambazaji ni chupa gani zinarudishwa na kwa nini. Muulize mwenye duka la jumla Ngamiani wateja wanaulizia nini ambacho hana. Mwangalie mama lishe anavyoitumia bidhaa yako tofauti na ulivyokusudia. Kama anachanganya juisi yako na maji nusu kwa nusu, amekwishakwambia kwamba kuna nafasi ya bidhaa ya kuchanganya ya bei nafuu.

Kisha nenda kwenye taka. Chungwa likishakamuliwa, karibu nusu ya uzito wake inabaki: ganda, nyama na kokwa. Kampuni inayokamua tani 20 kwa siku wakati wa msimu ina tani 10 za maganda mlangoni kila jioni, yanayoanza kuchacha na kuvuta nzi kabla ya kesho kutwa, na inalipa lori liyaondoe. Bidhaa inayotokana na kitu unacholipia kukitupa inaanza mbele ya wenzake, maana malighafi yake ina gharama hasi.

Tuseme kampuni imepata mawazo kumi, na baada ya kuyapima na karatasi ya mwelekeo yamebaki matatu: juisi ya chupa inayokaa miezi sita bila friji, mafuta ya ganda, na chakula cha ng'ombe kutokana na maganda. Hili la mwisho si la kubahatisha. Viwanda vya juisi vya Florida na Brazili vimekuwa vikiuza maganda makavu kama chakula cha mifugo kwa miongo mingi, na Tanga ina wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mezani kwanza

Kabla ya kuajiri mtaalamu, kaa na kalamu. Hatua hii inaokoa fedha kuliko nyingine yoyote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Chukua chakula cha ng'ombe. Ganda bichi lina maji karibu asilimia 80. Kwenye tani 10 za maganda, kikavu ni tani 2 tu. Ukiyakausha mpaka yabaki na unyevu wa asilimia 10 ili yasiote ukungu, unapata tani 2.2, maana yake umeondoa tani 7.8 za maji. Kuvukisha kilo moja ya maji kunahitaji megajuli 2.6 hivi ukihesabu na kuyapasha moto. Kuni kavu hutoa megajuli 15 kwa kilo, na tanuri la kawaida likifanya vizuri litatumia asilimia 40 ya joto hilo. Gawanya: unahitaji takriban tani 3.4 za kuni ili upate tani 2.2 za chakula. Mradi umekufa hapo mezani, na umekufa bila kula hata senti.

Lakini angalia kilichobaki mkononi. Kilichoua mradi ni kukausha. Ganda lenyewe bado lina thamani, na ng'ombe wanalila hata likiwa bichi. Kwa hiyo swali linageuka: tunaweza kulihifadhi bila kulikausha? Jibu ni sileji. Maganda ya chungwa huchachuka vizuri yakishindiliwa na kuzibwa hewa isiingie, hasa yakichanganywa na kitu kikavu kama mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa ili yanyonye maji yanayochuruzika. Tanuri limeondoka kwenye bajeti. Yameingia mapipa au mifuko mizito ya plastiki, mashine ya kukatia mabua, na wiki kadhaa za kusubiri. Wazo lililokufa limezaa jingine bora zaidi, na yote hayo yamechukua jioni moja.

Mawazo yatakayovuka hesabu ya mezani yape alama kwa vigezo vichache: ukubwa wa tatizo la mteja, faida ghafi inayotarajiwa, uwezo wetu wa kulitengeneza, muda wa kupata vibali, na kama malighafi inapatikana mwaka mzima. Kwa Muheza kigezo hicho cha mwisho kina uzito wa pekee. Chungwa lina msimu, na mtambo unaokaa bure nusu ya mwaka unakula riba ya benki kila mwezi.

Hatua ya 4: Weka mageti

Robert Cooper wa Kanada ndiye aliyeueneza utaratibu huu kuanzia miaka ya 1980: mradi unagawanywa vipande, na mwisho wa kila kipande kuna geti. Fedha za kipande kinachofuata hazitoki mpaka geti lifunguliwe. Kampuni kubwa zinatumia mageti matano au zaidi. Kwa kampuni yetu manne yanatosha.

Tuseme bajeti nzima ya juisi ya kukaa miezi sita ni milioni 90. Kipande cha kwanza kinapewa milioni 1.5: kuongea na wenye maduka, kununua bidhaa za washindani na kuzipima, kusoma viwango. Cha pili milioni 8: sampuli za jikoni na vipimo vya maabara. Cha tatu milioni 25: uzalishaji wa majaribio kwa mashine ya kukodi, upimaji wa muda wa kukaa, kuuza kwenye maduka machache. Zinazobaki, milioni 55.5, ndizo za mashine, na hazitoki mpaka matatu ya kwanza yamevukwa. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mpaka unapojua kama watu watainunua mara ya pili, umetumia milioni 34.5 na theluthi mbili karibu ya fedha ziko salama.

Sasa, kiini cha geti ni masharti yanayoandikwa kabla kazi haijaanza. Yaandike hivi:

"Geti la 2: Tutaendelea ikiwa juisi, baada ya kuchemshwa na kukaa wiki nne kwenye joto la kawaida la duka, itakubaliwa na angalau waonjaji 7 kati ya 10 ambao hawajui ipi ni yetu, na ikiwa gharama ya chupa moja haizidi shilingi 600. Sharti moja likishindikana, mradi unasimama na timu inapewa mwezi mmoja wa kuleta njia nyingine. Ikishindikana tena, faili linafungwa."

Sharti la aina ya "juisi iwe na ubora mzuri" si sharti. Kila mtu atalitafsiri kwa namna ya kuulinda mradi wake. Na anayekaa getini asiwe yule anayeuendesha mradi. Mkurugenzi, mhasibu na mtu mmoja wa mauzo wanatosha. Mmoja wao akiwa ni mjomba wa mwenye wazo, bora akae pembeni siku hiyo. Kwetu heshima ya kifamilia ni kubwa, na mtu atapitisha hasara kuliko kumwaibisha mkubwa wake. Masharti yakishaandikwa mapema, hakuna anayemkataa mjomba. Karatasi ndiyo inayokataa.

Hatua ya 5: Geuza hofu kuwa swali la utafiti

Utafiti wa kampuni hauanzi na mada. Unaanza na jambo ambalo likiwa si kweli bidhaa itakufa. Orodhesha mambo hayo, panga kwa ukali, na anza na lile baya kuliko yote hata kama ndilo gumu.

Kwa juisi ya chungwa, jambo hilo ni uchungu. Kamua machungwa ya aina ya Washington Navel asubuhi na uonje: tamu. Chemsha, weka chupani, rudi baada ya saa kadhaa: ulimi unakamatwa na uchungu uliojificha. Ndani ya tunda mna kitu kisicho na ladha ambacho kikikutana na asidi ya juisi hugeuka taratibu kuwa limonini, na joto huharakisha mgeuko huo. Chungwa la Valencia lina tatizo hilo kwa kiasi kidogo zaidi. Kampuni isiyojua hili itanunua machungwa mchanganyiko sokoni, itaonja mbele ya kamera, itazindua, na chupa zitarudi. Swali la utafiti basi liwe: "Kwa machungwa tunayoweza kupata Muheza mwezi kwa mwezi, mchanganyiko upi na ukomavu upi unatoa juisi isiyogeuka kuwa chungu baada ya kuchemshwa?" Swali hilo linajibika kwa msimu mmoja, na jibu lake linakuwa mali ya kampuni.

Maswali mengine ya juisi yana njia zilizokwishafunguliwa. Juisi ya chungwa ina pH (kipimo cha asidi) chini ya 4.6, kwa hiyo kuichemsha kwa kiasi na kuijaza ikiwa moto kunatosha, haihitaji mtambo wa shinikizo kama vyakula visivyo na asidi. Sukari hupimwa kwa refraktomita ya mkononi. Muda wa kukaa unaweza kuupima haraka kwa kuweka chupa kwenye joto la juu zaidi, kwani kwa kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha kuharibika mara mbili au tatu. Ila weka na chupa nyingine kwenye rafu halisi ya duka lenye bati, lile ambalo jua la saa nane linaingia mpaka ndani. Duka la aina hiyo litakwambia mambo ambayo maabara haitakwambia.

Huna maabara? Huihitaji. TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda lililoko Dar es Salaam, iliundwa 1979 kwa kazi hii hasa ya kuhudumia viwanda. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina wataalamu wa sayansi ya chakula na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta tatizo halisi la kuandikia tasnifu. Mpe mmoja swali lako, nauli na malazi. TARI Mlingano, kituo kilekile cha utafiti wa kilimo, wako jirani. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, ina ofisi mkoani na inawafahamu mafundi wa kutengeneza vifaa vidogo. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, inasimamia mfuko wa MTUSATE, ambao hutangaza ruzuku za utafiti. Maombi yenye mshirika wa chuo yana nguvu zaidi. Unapokwenda kwa yeyote kati ya hawa, nenda na swali lililoandikwa. Ukienda na ombi la "tusaidieni kuboresha bidhaa," utarudi na kalenda.

Hatua ya 6: Fedha na watu

Fedha za utafiti zitengewe akaunti yake au angalau kasma yake, zisiwe zinachotwa kwenye mzunguko wa mauzo. Msimu ukiwa mbaya, kitu cha kwanza kukatwa ni kile kisicho na mlinzi. Mwambie mhasibu pia atunze vocha za utafiti peke yake, kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inatambua matumizi ya utafiti na maendeleo kama gharama za biashara. Vocha zikichanganyika na za mafuta ya gari, hakuna wa kukusikiliza.

Kwa watu, mtu mmoja awajibike. Si kamati. Mpe nusu ya muda wake wa kazi kwa maandishi na umwondolee majukumu ya nusu hiyo. Fundi mkuu aliyepewa mradi mpya juu ya kazi yake ya kila siku ataufanya Jumamosi jioni, na sote tunajua Jumamosi jioni inavyokuwa.

Hatua ya 7: Vibali na haki

Anza mapema, wakati wa kipande cha pili. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, pamoja na viwango vyenyewe, kwa hiyo mlango ni mmoja. Soma kiwango kabla ya kuchora jengo na lebo, maana kubomoa ukuta ni ghali. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO kwanza, wanasaidia kwenye safari ya kupata alama ya ubora. Kama unalenga Mombasa kupitia Horohoro, alama za ubora za nchi wanachama zinatambuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini hakikisha bidhaa yako ina kiwango cha pamoja cha Jumuiya.

Jina la bidhaa lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka kumi kumi. Kwa sisi wa Tanga kuna jambo linalosahaulika: usajili wa Bara haufiki Zanzibar. Ukipakia boti kwenda Pemba, jina lako linahitaji usajili wa pili kule.

Kama umegundua njia mpya ya kutengeneza kitu, usiionyeshe Nane Nane kabla hujaomba hataza (haki ya mvumbuzi), kwa kuwa kilichokwisha kutangazwa hakihesabiki tena kuwa kipya. Mambo mengine, kama ule mchanganyiko wa machungwa usio na uchungu, ni bora yabaki siri. Wawili au watatu wanaoujua wasaini mkataba wa kutunza siri, na walipwe vizuri.

Hatua ya 8: Uza kidogo, hesabu wanaorudi

Usizindue. Chagua maduka kumi: matatu Ngamiani, mawili karibu na soko la Mgandini, mawili stendi, matatu Muheza mjini. Weka bidhaa, weka bei kamili bila punguzo, na usitangaze. Wiki ya kwanza watu watanunua kwa kutaka kujua, kwa hiyo namba hiyo iandike kisha usiijengee chochote. Unachokitafuta ni wiki ya nne na ya nane: duka limeagiza tena bila kupigiwa simu? Maduka sita yakiagiza tena kwa fedha taslimu, geti la tatu lina jibu. Yakiagiza kwa mali kauli tu, bado huna jibu.

Kwa ile sileji, wape wafugaji watano mapipa mawili mawili, waanze na kiasi kidogo ili ng'ombe wazoee, nao waandike lita za kila asubuhi na jioni kabla na baada. Pipa la tatu walipe. Mfugaji atakusifia sana pipa la bure; la kulipia ndilo linaloonyesha anaamini nini.

Kila miezi mitatu kaa na faili zote mezani, zilizo hai na zilizofungwa. Iliyofungwa iwe na ukurasa mmoja: tuliuliza nini, tulipata nini, nini kikibadilika tutaifungua. Faili la kukausha maganda, kwa mfano, liandikwe kwamba litafunguliwa siku kampuni itakapopata joto la bure kutoka kwenye boila yake au njia ya kukamua maji kwanza kwa chokaa, kama wanavyofanya viwanda vikubwa. Na kikao cha kwanza cha mwaka kiwe Februari, masika hayajaanza na machungwa hayajaiva, ili mapipa yanunuliwe, mwanafunzi wa Sokoine awe amefika na masharti ya mageti yasainiwe kabla lori la kwanza la machungwa halijaingia uani.